Dawa ya Pumu ya Siku Usizokohoa

Wagonjwa wengi wa pumu ninaofahamiana nao hapa Kisumu hawatoki nyumbani bila inhela ya buluu, lakini ukiwauliza kuhusu ile ya kahawia watakwambia kwamba waliiacha zamani, kwa kuwa waliivuta na hawakuona tofauti. Mimi nina pumu tangu utotoni na ninawaelewa, ila sikubaliani nao hata kidogo.

Inhela ya buluu huwa na salbutamoli, ambayo hulegeza misuli iliyobana mirija ya hewa. Nafuu hupatikana baada ya dakika chache na hudumu kwa saa nne hadi sita. Haiondoi uvimbe ulio ndani ya mirija hiyo, ambao unaweza kuwapo hata siku ambayo mgonjwa anapumua vizuri. Uvimbe ndio unaotulizwa na ile ya kahawia, yenye beklometasoni au steroidi nyingine ya jamii hiyo, nayo hufanya kazi yake polepole, kwa siku na majuma, bila kuleta hisia yoyote kifuani unapoivuta. Anayepima dawa kwa nafuu ya papo hapo ataiona kama maji. (Rangi hutofautiana kwa watengenezaji, kwa hiyo soma jina la dawa.)

Mwaka 2019, GINA, shirika la kimataifa linalotoa mwongozo wa matibabu ya pumu, liliacha kupendekeza watu wazima na vijana watibiwe kwa salbutamoli peke yake. Linaonya kwamba anayemaliza mikebe mitatu au zaidi ya dozi 200 kwa mwaka yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa ghafla. Nawajua watu wanaoipita idadi hiyo na kujisifu kwamba hawakosi dawa.

Dada yangu anaishi Muhoroni, katikati ya mashamba ya miwa, na mwanawe ana pumu. Miwa inapochomwa kabla ya kuvunwa, majivu meusi hutua hadi kwenye nguo zilizoanikwa, na huwezi kumhamisha mtoto kila shamba linapowashwa. Inhela ya kila siku ndiyo inayoipunguzia mirija yake wepesi wa kubana.

Mtoto mdogo hawezi kuubonyeza mkebe na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja, hivyo sehemu kubwa ya dawa huishia mdomoni. Spesa ya dukani, yaani chombo cha kuunganisha inhela na mdomo ili dawa ikae humo mpaka mtoto aivute, ilipokosekana, dada alitoboa kitako cha chupa ya soda ya nusu lita kwa waya uliopashwa moto kwenye makaa, akapanua tundu mpaka mdomo wa inhela ukaingia bila kupwaya, kisha akazungushia plasta. Yeye huutikisa mkebe na kuubonyeza mara moja. Mtoto, midomo yake ikiwa imefumbata shingo ya chupa, huvuta pumzi taratibu mara kadhaa kabla ya dozi nyingine. Watafiti wa Afrika Kusini walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba chupa kama hiyo hufaa. Baada ya hapo mtoto hupiga mswaki, husukutua na kutema maji, kwa maana steroidi inayobaki mdomoni huweza kuleta fangasi, ule utando mweupe ulimini.

Jirani alimwonya dada kwamba mtoto atazoea steroidi. Dozi inayovutwa hupimwa kwa mikrogramu na huenda moja kwa moja mapafuni. Tembe za prednisoloni, ambazo mtoto hupewa akifikishwa hospitalini amezidiwa, hupimwa kwa miligramu na husambaa mwilini mote. Miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Anayeogopa steroidi basi ana sababu zaidi ya kutoacha inhela. Ni kweli kwamba dozi kubwa ya muda mrefu ina madhara yake, ndiyo maana daktari huipunguza pumu ikishatulia kwa miezi mitatu hivi. Kuipunguza ni kazi yake, si ya jirani.

Mkebe wa dozi 200, kwa anayevuta mbili asubuhi na mbili jioni, huisha kwa siku 50, lakini unaweza kuendelea kupuliza hewa hata baada ya dawa kwisha, na kuutikisa sikioni hakukuambii kitu. Kama hauna kihesabio, andika tarehe ya kuanza kwenye plastiki yake kwa kalamu isiyofutika.