Kusimba mara mbili na kulinganisha hakutoshi

Juma lililopita niliandika programu ndogo ya kuiga AES, njia ya kusimba data inayotumika sana, yenye ufunguo wa biti 128, nikaipa kitalu kimoja cha baiti 16 ikisimbe mara mbili: mara ya kwanza bila kuigusa, mara ya pili nikiiharibu baiti ya kwanza kabisa mwanzoni mwa duru ya 9 kati ya duru zake 10. Nilipoyaweka matokeo sambamba, baiti 12 kati ya 16 zilikuwa zilezile. Zilizotofautiana zilikuwa nne, katika nafasi ya 0, ya 7, ya 10 na ya 13, ukianza kuhesabu kwenye sifuri.

Nafasi hizo hazikutokea kwa bahati. AES huzipanga baiti 16 katika jedwali la safuwima nne na safumlalo nne. Hatua ya kuchanganya safuwima huchukua hitilafu ya baiti moja na kuieneza katika baiti zote nne za safuwima yake, na kwa kuwa duru ya 10 haina hatua hiyo, hitilafu haipati tena nafasi ya kuenea; husogezwa tu pamoja na safumlalo hadi pale nilipoikuta. Mshambuliaji anayeikosesha chipu hivi makusudi ili aupate ufunguo wa siri anajua pia kwamba, kabla ya duru ya mwisho, tofauti katika baiti hizo nne lazima zifuate uwiano uliowekwa na hatua hiyo ya kuchanganya, kwa hiyo kuna mifumo 255 mara 4, yaani 1,020 tu, inayowezekana. Basi hukisia baiti nne za ufunguo wa duru ya 10 (kila duru ina ufunguo wake, unaotokana na ufunguo mkuu), hurudi nyuma kutoka kwenye matokeo mawili, jema na bovu, na kila kisio lisilotoa mmoja wa mifumo hiyo hulitupa. Makisio ni zaidi ya bilioni 4, kazi ambayo kompyuta ya kawaida huimudu, na yanayobaki ni kama elfu moja. Akipata tokeo bovu la pili katika safuwima ileile, kwa kawaida hubaki kisio moja.

Watafiti Biham na Shamir walikwisha kuonyesha mwaka 1997 kwamba DES, mfumo wa kusimba uliotangulia AES, huangushwa kwa uchambuzi wa namna hii. Mwaka 2003 Piret na Quisquater waliitangulizia hitilafu duru moja katika AES, ikaenea hadi baiti zote 16, na matokeo mabovu mawili yakatosha kuutoa ufunguo wote wa duru ya mwisho. Kutoka hapo ufunguo mkuu hupatikana kwa kuirudisha nyuma ratiba ya funguo, yaani hesabu inayozizalisha funguo za duru. Hesabu ya AES haikuwa na kasoro yoyote. Kilichoanguka ni dhana yetu kwamba chipu itaifuata hesabu hiyo hadi mwisho.

Kuikosesha chipu si kazi ya maabara kubwa peke yake. Volteji ikishuka kwa kitambo kifupi mno, au pigo moja la saa ya chipu likija mapema, ishara haiwahi kufika na rejista, hifadhi ndogo ndani ya chipu, huhifadhi thamani isiyo sahihi. Skorobogatov na Anderson walitumia taa ya kamera na hadubini mwaka 2002 kubadilisha biti moja ya kumbukumbu. Shambulio la Plundervolt, lililotangazwa mwaka 2019, halikuhitaji hata kuigusa mashine: programu yenye mamlaka ya juu ilishusha volteji ya prosesa za Intel na kupata ufunguo wa AES uliokuwa ndani ya eneo lililolindwa.

Dawa ambayo wengi huikimbilia ni kusimba mara mbili, kulinganisha, na kukataa kutoa jibu matokeo yakitofautiana. Mimi nimeiandika mara nyingi, lakini siku hizi siiamini peke yake. Agizo la kulinganisha nalo huweza kurukwa kwa hitilafu, na hitilafu moja ikirudiwa sawasawa katika mizunguko yote miwili, ulinganisho huyakubali makosa pacha. Kusimba kisha kusimbua na kulinganisha na maandishi ya mwanzo huziba tundu hilo la pili, ila kuna kubwa zaidi.

Niliirudia programu yangu, safari hii ikiwa na ulinzi huo, nikailazimisha biti moja iwe sifuri mwanzoni mwa duru ya 10. Biti hiyo ilipokuwa moja, kosa liligunduliwa na jibu likazuiwa. Ilipokuwa sifuri tayari, hakuna kilichobadilika na jibu sahihi likatoka. Kila jibu lililotoka lilikuwa, bila kusema, ungamo kuhusu biti hiyo. Majibu sahihi 20 yalitosha kubakiza kisio moja kati ya 256 la baiti husika ya ufunguo. Katika chipu halisi hitilafu haitii hivyo, kwa hiyo takwimu huhitajika, na ndiyo kazi iliyochapishwa mwaka 2018 kwa kifupisho cha SIFA (Statistical Ineffective Fault Attacks, yaani mashambulio ya takwimu kwa hitilafu zisizobadilisha jibu), jina ambalo masikioni mwetu ni la ajabu kwa shambulio. Kubadilisha maandishi wazi kila mara, ambako huuvuruga uchambuzi wa kulinganisha jibu jema na bovu, hapa hakusaidii, kwa sababu tokeo bovu halihitajiki kabisa.

Kinga inayofaa hapa ni kusahihisha badala ya kukataa, kwa mfano nakala tatu na kura ya wengi kwa kila biti ndani ya saketi, ili jibu litoke vilevile hitilafu ikiuma au isipouma. Gharama ni kubwa, na katika chipu ndogo mara nyingi hailipiki. Pale ambapo hailipiki, mimi huubadilisha ufunguo mara kwa mara na kuhesabu mara ambazo chipu imekataa kutoa jibu. Hesabu hiyo huipandisha katika kumbukumbu ya kudumu kabla ya kusimba kuanza, na kuishusha baada ya ulinganisho kupita. Ukisubiri kosa lionekane ndipo uandike, mshambuliaji atakata umeme kabla hujaandika.