Kimya cha pampu

Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, ndiyo hubeba lawama ya kwanza. Gari la zamani likikohoa kidogo tu, mkono wa fundi unaelekea huko, kwa kuwa iko juu, inaonekana, na ina skrubu za kuchezea. Kabureta ya Morris Minor ya mjomba wangu ilikuwa imeshafunguliwa, ikasafishwa, ikafungwa upya, halafu ikanunuliwa nyingine kabisa, na ugonjwa ukabaki palepale. Nilipofika kwake nilimkuta kwenye simu na muuzaji wa vipuri, anaulizia ya tatu.

"Mjomba, naomba umwambie utampigia baadaye."

"Kwa nini? Unayo wewe mfukoni?"

Gari lenyewe ni la mwaka 1965, la milango miwili, lenye ile injini ya sentimita za ujazo 1098 iliyoanza kufungwa kwenye Minor mwaka 1962. Minor ilibuniwa na Alec Issigonis, ikaingia sokoni mwaka 1948, na ndiyo gari la kwanza la Uingereza kuuzwa zaidi ya milioni moja. Mjomba hupenda kuwasimulia watu habari hiyo kila anaposimama na boneti wazi, na siku zile alikuwa anasimama na boneti wazi mara nyingi mno.

Dalili zilikuwa hivi. Asubuhi linawaka bila kubembelezwa. Likisimama linanguruma kwa utulivu. Kwenye tambarare halina neno. Ukianza kupanda mlima, uko gia ya tatu na mguu umezama kwenye mafuta, linakwenda vizuri kwa muda, kisha linaanza kulegea: linavuta, linaachia, linavuta tena, linapiga chafya kupitia kabureta, mwisho linazima. Unakaa pembeni, unasubiri, unawasha, linawaka kana kwamba halijawahi kuugua.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Koili inayozipa plagi umeme wake inashindwa ikipata joto. Kondensa, mwenzake wa umeme huohuo, imekufa. Petroli inachemka ndani ya paipu na kugeuka mvuke. Mfuniko wa tangi umeziba, hauruhusu hewa kuingia. Yote yanawezekana, na hiyo ndiyo kero ya magari haya, magonjwa manne yanakuja na homa ileile. Mjomba alikuwa ameshachoka kusikiliza, akaona bora anunue chuma kipya kuliko kusikia nadharia nyingine. Nikamwomba tupande mlima mara moja, mimi nikiendesha.

Moto wa plagi ukikatika, injini hukata ghafla, kama mtu amezungusha ufunguo. Mafuta yakikatika, hufa polepole, kwa kubishana. Hii ilikuwa inabishana. Ilipoanza kulegea nikavuta choki kidogo, ile ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi. Kwenye kabureta ya SU, ambayo ndiyo ya Minor, choki huishusha jeti, yaani tundu la petroli, nafasi kuizunguka sindano iliyo ndani yake ikapanuka na petroli nyingi zaidi ikapita. Injini ikapata nguvu, ikapanda kidogo, ikalegea tena na kuzima. Injini inayokosa moto haishukuru ukiivutia choki. Hii ilishukuru, kwa hiyo ilikuwa na njaa. Nikashuka haraka nikafungua mfuniko wa tangi, sikio karibu. Hakukuwa na mvumo wowote wa hewa kuingia, nao mfuniko ukaondolewa kwenye orodha ya washukiwa.

"Sasa tusubiri lipoe," mjomba akasema. Alikuwa na gazeti kwenye kiti cha nyuma kwa kazi hiyohiyo.

Sikusubiri. Nilizima swichi, nikavuta pumzi chache, nikawasha. Pampu ikagonga haraka haraka, injini ikashika. Mjomba akabaki na gazeti mkononi, bado hajalikunjua. Injini ilikuwa ya moto vilevile, na koili iliyoelemewa na joto haiponi kwa pumzi chache, wala petroli iliyochemka haitulii upesi namna hiyo. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu, swichi ilizimwa ikawashwa. Njia nzima ya kurudi nilikuwa najiuliza ni ugonjwa gani unaotibiwa na swichi.

Ili hilo lieleweke, inabidi niielezee pampu, na sioni ubaya, kwa sababu naipenda. Minor haina pampu inayosukumwa na injini kama magari mengi ya rika lake. Ina pampu ya umeme, SU aina ya L, iliyofungwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Tangi liko nyuma kabisa, chini ya buti, kwa hiyo pampu inanyonya petroli kupitia paipu ndefu inayopita chini ya gari. Ndani yake mna koili ya sumaku, diaframu (ngozi inayovutwa na kurudi), springi na pointi za kukata na kuunga umeme. Ukiwasha swichi, sumaku inavuta diaframu na petroli inanyonywa. Diaframu ikifika mwisho wa safari yake, pointi zinafunguka, umeme unakatika, na springi inairudisha diaframu huku ikiisukuma petroli kwenda kwenye kabureta. Kisha pointi zinafunga na safari inaanza upya. Kila safari ni "tak" moja. Chemba ya floti, kibakuli cha petroli cha kabureta, ikijaa, sindano ya mlangoni mwake inafunga njia, springi inabaki imeigandamiza petroli isiyo na pa kwenda, na pampu inanyamaza. Pampu iliyoshiba iko kimya.

Balaa ni kwamba pampu iliyokabwa koo nayo iko kimya. Njia ya kunyonyea ikiziba, sumaku inavuta lakini diaframu haifiki mwisho, pointi hazifunguki, na umeme unaendelea kupita bila kazi yoyote. Kwa mwenye kusikiliza tu, kimya hiki na kile cha shibe ni kimoja.

Masikio ya mjomba, isitoshe, yamepungua. Alinieleza kwamba zamani alijua kiasi cha petroli kilichobaki kwa jinsi pampu inavyogonga; siku hizi haisikii kabisa, ila akitaka kujua kama inafanya kazi huwekea kiganja juu ya kifuniko chake cheusi na kuhisi mtikisiko.

Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, tulilisukuma gari uwanjani, mbali na kuta. Kizima moto kikawekwa karibu na gurudumu, na jirani aliyekuja na sigara yake akaombwa kwa heshima arudi alikotoka. Nikachomoa mpira wa petroli kwenye kabureta na kuutumbukiza ndani ya mtungi wa kioo, mbali na betri. Mjomba akawasha swichi bila kuamsha injini.

Tak-tak-tak-tak. Petroli ikatoka kwa mkupuo mzuri. Pampu nzima ya aina hii hutoa karibu nusu lita kwa dakika, na kwa mwanzo ule mtu yeyote angesema yetu ni nzima, pengine ndivyo mafundi waliotangulia walivyosema, wakazima swichi na kugeukia kabureta. Sisi tuliiacha. Muda si mrefu zile tak zikaanza kuachana. Mkupuo ukawa uzi. Tak. Kimya kirefu. Tak. Kisha hakuna tena.

"Imejaa?" mjomba akauliza.

"Itajaaje, Mjomba, na mpira uko nje?"

Akazunguka, akaweka kiganja juu ya pampu kama kawaida yake. Akakiondoa, akakirudisha.

"Mwanangu, hii mbona ina joto?"

Injini ilikuwa haijawashwa tangu jana yake, kwa hiyo joto lile halikuwa la kuazima. Pampu ilikuwa inakula umeme, imevuta na imekwama. Nikachukua spana nikalegeza nati ya paipu inayoingia kwenye pampu, chini ya robo mzunguko. Fyuu, hewa ikavutwa ndani, na papo hapo: tak! Mjomba hakuisikia, ila mkono wake ulikuwa pale pale, akashtuka. Nadhani huo ndio wakati alioacha kuifikiria kabureta.

Kuhakikisha, nikaunga kipande cha mpira mpya kwenye mdomo wa kunyonyea na ncha yake kuitia ndani ya dumu la petroli lililo chini. Pampu ikajaza mtungi bila kupumzika. Chujio dogo la waya lililo kitakoni mwake nalo lilikuwa safi. Pampu haikuwa na hatia, kabureta zote mbili hazikuwa na hatia, na kesi ikabaki kwenye paipu inayokwenda nyuma.

Hapo ndipo tulipokaribia kupotea. Nilipuliza hewa ndani ya paipu kwa pampu ya baiskeli, ikapita bila kizuizi. Tukaisikia ikibubujika ndani ya tangi. "Iko wazi," mjomba akasema kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa. Kweli ilikuwa wazi, kwa hewa inayotoka mbele kwenda nyuma. Petroli hutoka nyuma kuja mbele.

Nikaingia chini ya gari. Usawa wa kiti cha nyuma, paipu ya chuma ilikuwa imewahi kukatwa na kuungwa kwa kipande cha mpira, urefu wa kiganja, kimebanwa kwa klipu mbili zenye kutu. Kazi ya mtu fulani wa miaka ya nyuma. Kwa nje mpira ulikuwa mweusi, hauna ufa, hauvuji. Nilipoubinya ukanywea kuliko inavyotakiwa. Tukakinga petroli, tukautoa, nikauchana kwa wembe kwa urefu.

Ngozi ya ndani ilikuwa imebanduka na kufanya ulimi, mwembamba, wenye urefu wa kucha. Shina la ulimi huo lilikuwa upande wa pampu, ncha yake ikielekea tangi. Petroli ikija taratibu, inapita juu yake na ulimi unalala. Ikivutwa kwa nguvu, inaingia chini ya ncha, inaunyanyua, na ulimi unaziba tundu lote. Pampu inavuta, haifiki mwisho, haiachii, kwa hiyo ulimi haulali. Zima swichi, sumaku inaachia, mvuto unakwisha, ulimi unarudi chini. Puliza hewa kutoka mbele, unaulaza vizuri zaidi. Mjomba aliushika kati ya vidole viwili, akaupuliza upande huu, akaupuliza upande ule, akacheka peke yake.

Mpira usiotengenezwa kwa ajili ya petroli, au uliotengenezwa kabla petroli haijaanza kuchanganywa na ethanoli, huweza kulainika na kuvimba ukianzia ndani, wakati nje unapendeza. Ndiyo maana siamini ukaguzi wa mipira kwa macho. Kwenye gari la umri huu mimi huitupa kwa kalenda, hata kama inang'aa. Tulifunga mpya ulioandikwa SAE J30 R9 ubavuni, ambao huvumilia petroli yenye ethanoli, pamoja na klipu mpya, na tukabadilisha na ule mfupi wa kwenye kabureta. Mtungi ukajaa. Jioni tukapanda mlima kwa gia ya tatu mpaka juu, tukageuza, tukapanda tena kwa sababu mjomba alitaka.

Kabureta ya asili ilirudishwa mahali pake. Ile ya pili mjomba aliitangaza kuiuza, na mtu wa kwanza kuja alikuwa na Minor iliyokuwa inamzimikia kwenye vilima. Alikuja na pesa mkononi. Mjomba alikataa kuzipokea. Akamwambia arudi kwanza akawashe swichi, auchomoe mpira kwenye kabureta, aweke kiganja juu ya pampu, halafu ampigie simu.