Mradi wangu wa Kilombero: kuyatafuta maji yaliyojificha

Naandika kumbukumbu hii hasa ili nisirudie makosa yangu mwenyewe. Mwenye kujaribu kazi kama hii naye atapata pa kuanzia.

Wiki ya 1

Daftarini niliandika lengo moja tu: kuchora ramani ya mahali maji yanapofika kila masika katika Bonde la Kilombero, na kuona mashamba yamesogea kiasi gani kuyafuata maji hayo. Bonde limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mito inashuka kutoka pande zote mbili hadi kwenye uwanda ulio bapa kama sinia, na mvua zikikolea maji hayana pa kwenda ila kutanda. Baadaye huteremka taratibu kuingia Rufiji, ambako siku hizi yanalikuta bwawa la Julius Nyerere. Tangu mwaka 2002 hekta 796,735 za bonde hili zimo katika orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu, yaani maeneo yenye majimaji. Kulizunguka kwa miguu ni ndoto, ndiyo maana nikakimbilia setilaiti.

Nilianza na Sentinel-2, setilaiti ya Ulaya yenye kamera, kwa kuwa picha zake zinasomeka kwa macho. Ya Agosti ilipendeza: mto unaonekana kama uzi, nyasi zimekauka, moshi wa moto wa porini hapa na pale. Nikafungua ya Machi nikaona pamba tupu. Ya siku tano baadaye, pamba. Ya Aprili ilikuwa na tundu moja la wingu, na tundu lenyewe lilikuwa juu ya mlima. Msimu ninaoutaka ndio msimu ambao kamera ya angani haioni kitu.

Hata hivyo sikuitupa. Kuna vipimo viwili vya kutofautisha maji na nchi kavu. Cha McFeeters cha mwaka 1996 kinalinganisha mwanga wa kijani na infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho. Cha Xu cha mwaka 2006 kinaiacha infraredi ya karibu na kutumia ya mawimbi mafupi. Kwenye maji ya tope la mto, hiki cha pili kilinifaa zaidi. Tope huakisi infraredi ya karibu, hivyo kipimo cha kwanza kinadhani kimeona udongo.

Wiki ya 2 na 3

Nimehamia kwenye setilaiti ya rada, Sentinel-1. Hii haingojei jua wala haijali wingu. Inarusha wimbi lake yenyewe la redio, lenye urefu wa sentimita 5.6, kisha inasikiliza mwangwi. Maji yaliyotulia ni kama kioo kilicholazwa: wimbi linafika kwa mshazari, linateleza na kwenda zake upande wa pili, setilaiti haipati kitu. Kwa hiyo maji ni meusi. Udongo na majani hutawanya wimbi huku na huko, na sehemu yake hurudi.

Rahisi, nikadhani. Nikachukua mbinu ya Otsu ya mwaka 1979, inayochora grafu ya nukta ngapi za picha ni nyeusi na ngapi ni nyeupe, kisha inatafuta yenyewe kizingiti, yaani mpaka, kati ya vilima viwili vya grafu hiyo, nikaipa bonde zima na milima yake. Ikanirudishia ramani inayodai karibu uwanda wote umezama, mwezi wa kiangazi! Ilinichukua jioni mbili kuelewa. Maji yalikuwa sehemu ndogo mno ya picha, hayakuwa na kilima chao kwenye grafu. Vilima viwili vilivyokuwepo vilikuwa msitu na nyasi, na mbinu ilivitenganisha vizuri sana. Ilijibu swali ambalo sikuuliza.

Dawa yake ni kuchagua vipande vidogo kando ya mto, ambamo maji na nchi kavu vimo kwa kiasi kinachokaribiana, kutafuta kizingiti humo, ndipo nikitumie kwenye picha nzima. Pia nimeifuta miteremko yote mikali kwa kutumia ramani ya mwinuko. Rada hutazama kwa ubavu, na mteremko ulioipa mgongo hubaki gizani. Kabla ya hapo ramani yangu ilikuwa na maziwa yanayoning'inia kwenye kuta za Udzungwa.

Wiki ya 4

Nilimtumia mjomba kipande cha ramani. Amelima mpunga bondeni miaka mingi kuliko umri wangu.

"Mjomba, hapa kwenye kona ya mto, mwezi wa nane panakuwa na maji?"

"Hapo? Mpwa wangu, hapo pana mchanga. Ng'ombe wanapita."

Basi. Mchanga mkavu na laini nao hurudisha mwangwi hafifu, na kwa rada umevaa nguo zile zile za maji. Tangu siku hiyo siamini weusi peke yake. Kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, naipima dhidi ya hali yake ya kiangazi. Kama ni nyeusi Agosti na nyeusi Aprili, na Sentinel-2 ya Agosti inasema ni pakavu, naiweka kando kama mchanga. Ninachotafuta ni badiliko.

Wiki ya 6

Hii ndiyo wiki iliyonigeuza kichwa.

Nilikuwa natoa picha ya kiangazi kwenye picha ya masika ili kuona palipozidi kuwa peusi. Pembezoni mwa mafuriko ukatokea mkanda mweupe, maana yake mwangwi umeongezeka badala ya kupungua. Nikauchukulia kama kasoro ya data, nikaanza kuandika msimbo (maagizo ya kompyuta) wa kuufuta. Nashukuru nililala kabla sijamaliza.

Mkanda ule ni mafuriko. Maji yakisimama chini ya nyasi ndefu, wimbi linagonga uso wa maji, linaruka hadi kwenye mabua yaliyosimama wima, kisha linarudi moja kwa moja lilikotoka. Uso wa maji na bua vinafanya kona, na kona hurudisha mwangwi kwa nguvu. Kwa hiyo maji ya wazi yanazima taa na maji yaliyo chini ya majani yanaiwasha. Mimi nilikuwa nahesabu ya aina moja tu, tena ile iliyo rahisi kuonekana. Ardhi oevu yenyewe, yaani matete na mafunjo, ndiko samaki wanakotagia na ndiko maji yanakopunguzwa kasi, nami nilikuwa nakaribia kuifuta kwa mistari minne ya msimbo.

Sasa ramani ina rangi mbili za mafuriko. Lakini hata hii ina mpaka wake. Wimbi la sentimita 5.6 ni fupi. Mafunjo yakisongamana sana haliyapenyi, linaishia kwenye mashungi ya juu. Kwa mawimbi ya sentimita 24 hivi, kama ya setilaiti ya Kijapani ALOS-2, habari ni nyingine, ila picha za bure nilizozipata ni muhtasari wa mwaka mzima. Muhtasari wa mwaka haukuambii maji yaliingia lini.

Wiki ya 7

Wiki ya aibu. Nilikuwa natafuta wastani wa picha kadhaa zikiwa bado katika desibeli, kipimo cha nguvu ya mwangwi. Desibeli ni logarithimu, haipandi sawasawa na nguvu yenyewe, kwa hiyo wastani wake si wastani wa nguvu ya mwangwi. Nikazirudisha kwanza kwenye thamani za kawaida, nikatafuta wastani, kisha nikazigeuza tena. Ramani zote za nyuma nimezifanya upya.

Wiki ya 9

Majaruba. Hapa ndipo muda mwingi umekwenda, na sijutii.

Shamba la mpunga la Machi na mbuga iliyofurika ya Machi, kwa picha moja, ni pacha. Zote zina maji chini na majani juu. Niliifundisha kompyuta kwa mifano niliyoichora kwa mkono, ikawa inabahatisha tu. Kuongeza mifano hakukusaidia. Kilichosaidia ni kuacha kutazama picha na kutazama mwaka. Jaruba lina mwenendo wa mtu anayelima: linakuwa jeusi maji yanapotuama na miche ni midogo, mwangwi unapanda kadiri mpunga unavyonenepa, kisha unaanguka ghafla wakati wa mavuno. Tena unaanguka kwa mistari iliyonyooka, shamba baada ya shamba. Mbuga ya asili haina haraka hiyo. Hupanda polepole, hushuka polepole, halafu moto wa kiangazi huipitia na kuacha doa lisilo na umbo. Nikazipanga picha za mwaka mzima kila siku 12, na pacha wakaachana.

Lakini likabaki swali ambalo kompyuta hailijibu. Jaruba ni ardhi oevu au si ardhi oevu? Mkataba wa Ramsar hauyabagui maeneo oevu yaliyotengenezwa na binadamu, mashamba ya mpunga yakiwemo. Ila ukiyaweka katika kundi moja na mbuga, ramani itaonyesha bonde halikupoteza kitu hata mbuga yote ikilimwa. Mimi nimeyatenga. Huo ni uamuzi wangu, na nimeuandika juu ya ramani ili asomaye ajue.

Wiki ya 11

Nilitaka kurudi nyuma hadi miaka ya 1990 kwa Landsat, setilaiti za Marekani zenye picha za zamani. Hifadhi yake ni ya bure tangu 2008, ila kwa ukanda huu ina mapengo. Landsat 5 haikuwa na kinasa cha kuhifadhi picha humo ndani, ilibidi kituo cha kupokea kiwe karibu. Landsat 7 ikaja mwaka 1999 na hali ikawa nzuri, hadi Mei 2003 kifaa chake cha kunyoosha mistari kilipoharibika na picha zikaanza kuja na michirizi mitupu. Nimebaki na kiangazi cha miaka michache iliyo safi. Inatosha kuona mashamba yamesogea. Haitoshi kusema mafuriko ya wakati huo yalifika wapi, kwa hiyo sisemi.

Wiki ya 12

Nimelifuta lile lengo la wiki ya kwanza. Ramani ninayotoa sasa haina mstari wa mwisho wa maji. Kila pikseli ina namba mbili: miezi mingapi kwa mwaka ilikuwa na maji, na mingapi kati ya hiyo maji yalikuwa chini ya majani. Pale nilipokuwa na mpaka mmoja mkali sasa pana ngazi.

Mjomba ameitazama kwenye simu, akaikuza, akakaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza kwa nini shamba lake limepewa miezi mitatu wakati maji yalikaa minne. Nimefungua tena picha za Mei. Mpunga wake ulikuwa umeshakuwa mnene, nadhani wimbi halikufika chini. NISAR, setilaiti ya Marekani na India iliyorushwa Julai 2025, inapita kila siku 12 na ina rada ya wimbi refu. Kazi ya wiki ijayo ni kushusha picha zake za shamba hilo moja.