Trauti wa lori

Nilipomwambia mama kwamba huku samaki wanaletwa bwawani kwa lori, alicheka mpaka simu ikakatika. Kwetu Musoma lori huja ziwani kuchukua samaki, sio kuwashusha.

Naishi Providence, Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote Marekani. Ardhi yake ni kilomita za mraba kama 2,700 tu; Ziwa Victoria linalimeza mara ishirini na nafasi ya mitumbwi inabaki. Ila mabwawa yamejaa kila mahali. Mimi huenda Olney, lililomo ndani ya hifadhi ya Lincoln Woods, karibu kabisa na mjini.

Baridi ikiisha, idara ya jimbo inamwaga humo trauti, samaki wa maji baridi, iliyowafuga yenyewe. Siku msimu unapofunguliwa, mwezi wa Aprili, watu wanabanana ukingoni alfajiri kama abiria wa daladala, kahawa mkononi. Lazima uwe na leseni, na kwa trauti unaongeza stempu, yaani kibali cha ziada. Kwangu mimi samaki mwenyewe hana ladha ya kuamshia mtu saa kumi usiku, lakini nikisema hivyo hapa nagombana na watu.

Anayeheshimiwa zaidi ni besi, yule wa mdomo mpana. Hujificha kwenye majani ya yungiyungi, na akinasa anaruka nje ya maji akikung'uta kichwa. Wakenya wa Naivasha wanamjua; alitolewa Marekani akapelekwa kwao miaka ya 1920. Siku yangu ya kwanza, mzee mmoja wa Cape Verde alihangaika na besi wa karibu kilo mbili, akampima, akampiga picha, kisha akamrudisha majini polepole kama anayelaza mtoto.

"Mzee, si mboga hiyo?" nikamwuliza.

"Tutaonana naye tena," akasema, akafunga chambo kingine.

Mimi rafiki yangu ni blugili. Wenyeji wanamwachia watoto, maana ni mdogo, upana wa kiganja, na hana ujanja: nyungunyungu kwenye ndoano ndogo, kiboya kikizama umempata. Ana doa jeusi nyuma ya shavu. Nilipomshika mara ya kwanza nilidhani ni sato mchanga, na mwiba wa mgongo ukanichoma kidole gumba palepale sato walipokuwa wakinichoma utotoni.

Nilileta sita nyumbani, nikawapara magamba, nikawachanja ubavuni, chumvi, ndimu, mafuta ya moto. Kengele ya moshi ikalia, nikafungua madirisha yote, na nje ilikuwa baridi. Nikampigia mama kwa video nimwoneshe sahani.

"Na hawa nao wameletwa na lori?"

"Hapana mama, hawa wanazaliana wenyewe bwawani."

Akasogeza uso kwenye simu, akaangalia kwa muda.

"Sasa mbona umewakausha hivyo? Hao ni wa mchuzi."