Mchuzi wa Hombolo

Kwa miaka mingi waini ya Dodoma kwangu ilikuwa ile ya harusini: tamu, nyekundu kama rosela, inamiminwa kwenye glasi za plastiki kabla MC hajasema "tunyanyue glasi." Nyingine ilikuwa divai ya padre, na hiyo hatukuwahi kuonjeshwa. Kwa hiyo Agosti 2019, shemeji yangu, bwana shamba aliyehamishiwa Dodoma, aliponiita niende Nane Nane pale Nzuguni halafu anitembeze kwenye zabibu, kilichonipandisha basi Ubungo ilikuwa ni hamu ya nyama ya mbuzi zaidi.

Maonyesho tuliyapitia haraka. Kesho yake asubuhi tukaifuata barabara ya Morogoro hadi Ihumwa, tukakata kushoto kuelekea Hombolo. Mwezi huo Dodoma ni upepo na vumbi tupu. Mibuyu haina jani, uwele na mtama vimeshavunwa, halafu katikati ya ukame huo unakuta mistari ya kijani kibichi. Shemeji, ambaye hawezi kupita shamba bila kufundisha, akaanza. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuamka wenyewe. Hapa hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi: anapogolea matawi, anahesabu kama miezi minne, anavuna. Ndiyo maana Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya wakati wa mvua yanasumbuliwa na ukungu, ya kiangazi ndiyo yenye sukari.

Shambani alitupokea mzee mmoja wa Kigogo. "Mbukwa!" Shemeji akaitikia vizuri tu, mimi nikakimbilia "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetoka wapi?"

"Tanga, babu."

"Kwenye nazi! Basi leo utakula zabibu."

Nilitegemea atoe kifaa fulani cha kupima utamu, maana shemeji alishaniambia watu wa viwandani wanakuja nacho. Mzee hakuwa na habari nacho. Alichuma punje moja kutoka nchani mwa kishada, kwa maelezo yake huko ndiko kunakochelewa kuiva, akaitafuna polepole, akatemea mbegu kiganjani na kunisogezea. Zilikuwa za kahawia. "Ukiona bado kijani, iache. Ukiivuna hivyo waini itakukwaruza koo." Nikajaribu ya kwangu. Ganda nene, jeusi, lakini ndani maji yake hayana rangi kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa wekundu wote unatoka kwenye ganda, na kwamba juisi ikitenganishwa mapema, hata zabibu nyeusi inaweza kutoa waini isiyo nyekundu.

Kiwandani nitapita haraka, kwa sababu mitungi ya chuma cha pua iliyopita urefu wa nyumba haina cha kusimulia zaidi ya ubaridi wake. Kuonja ndiko kulikonoga. Kijana aliyetuhudumia alianza na nyeupe, ya zabibu ya Chenin Blanc, ya baridi, yenye uchachu mzuri wa kuamsha njaa. Kisha akaleta nyekundu drai, yaani isiyo tamu, ya Makutupora, zabibu iliyobeba jina la kule kilipo kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania. Funda la kwanza nilikunja uso. Ulinijaa ukakasi ulimi mzima mpaka ufizi. La pili nikanyamaza, la tatu nikaomba aongeze. Mwisho ikaja tamu, ile ninayoijua, na baada ya drai sikuweza kuimaliza. "Lakini hii ndiyo inayouza," kijana akasema.

Tukamalizia kwa dada mmoja anayetengenezea waini uani kwake. Mapipa ya plastiki ya buluu yamepangwa chini ya bati, kila pipa lina mrija unaotoka kifunikoni na kuzama kwenye chupa ya maji. Mapovu yanachomoka moja baada ya jingine: hewa ya uchachu inatoka, ya nje haiingii. Waini hiyo ya mapipani ndiyo wanayoiita mchuzi wa zabibu, na inauzwa kwa madumu kwa wenye mashine za kusafishia na chupa. Alianza kukamua mwenyewe baada ya msimu mmoja mnunuzi kuwazungusha, leo kesho, leo kesho, hadi zabibu zikaozea mtini. "Zabibu haina subira, dada. Mchuzi unaweza kukaa." Alinichotea kikombe. Haukuwa mwangavu, haujachujwa, na mimi hadi leo nauweka juu ya vyote nilivyoonja siku ile. Shemeji anasema sijui waini. Sawa.

Jioni mbuzi alichomwa kwa mzee. Akajimiminia drai, chupa ya tamu akaisukumia upande wa vijana. Akaniuliza kule Dar chupa kama hiyo wanauza bei gani. Nilipomtajia akamgeukia shemeji: "Na chupa moja inakula zabibu kiasi gani?" Shemeji akajibu, kama kilo moja hivi. Mzee hakusema neno. Alitazama kinywaji chake, akacheka peke yake, akaomba apewe mbavu.

Nilirudi Dar na chupa za drai nimezifunga ndani ya kanga zisivunjike. Wikiendi ile nikawaalika mashoga zangu, nikapika pilau, nikawaeleza habari za ganda, mbegu na ukakasi, nikawamiminia kwa madaha. Wa kwanza kuonja akanitazama, akainuka, akaenda kwenye friji akarudi na Sprite. Ilizunguka meza nzima.