Unga usiokubali kungoja

Jumapili jioni, Dodoma

Unga wa uwele hauwekeki. Punje ni ndogo, lakini kiini chake ni kikubwa kwa umbo lake na kimejaa mafuta. Ikishasagwa, mafuta hukutana na hewa, na baada ya siku chache unga huanza uchungu. Ndiyo maana mama wa Kigogo alisaga kwenye jiwe kiasi cha ugali wa siku ile. Ghalani zilikaa punje, si unga.

Kazi ya jiwe ilivunja magoti na migongo, na sitamani irudi. Ila mashine ilikuja na sharti lake. Nani apange foleni na kibaba kimoja? Watu hupeleka debe zima, basi unga lazima ukae wiki kadhaa. Tangu reli ifike Dodoma mwaka 1910, chakula huweza kutoka mbali, na cha safari na cha dukani sharti kivumilie zaidi. Sembe huvumilia, kwa kuwa kukoboa huondoa pumba na kiini, yaani mafuta yanayochacha, pamoja na sehemu kubwa ya vitamini. Naamini hapo ndipo viwanda vilipotugusa kwa ndani kabisa: tunakula kinachoweza kungoja. Kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, maskini walioishi kwa mahindi waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini iitwayo niasini, kwa wingi, hadi niasini ilipotambuliwa kuwa dawa yake mwaka 1937.

Uwele na mashine vinapatana, ukivijua. Peta mchanga wote, maana changarawe hula nyundo, yaani vyuma vinavyozunguka ndani ya mashine na kusaga. Anika mpaka punje ukiing'ata ikatike kwa mlio; yenye unyevu huziba chekeche, wavu wa mashine unaopitisha unga. Unga ukitoka moto kupita kawaida, mara nyingi kona za nyundo zimekwisha, zinaponda badala ya kukata. Fundi huzigeuza kona nyingine. Akiweka nyundo mpya, abadilishe na ya upande wa pili, uzito sawa, la sivyo rota, yaani mhimili unaobeba nyundo, itatikisika na beringi zake zitakufa mapema.

Saga wa siku 5 tu. Utandaze kwenye kitambaa kivulini upoe kabisa. Ukifungwa na joto hutoa jasho na kushika mabonge. Funika, weka pasipo jua. Siku ya mwisho, onja kidogo kwa ncha ya ulimi kabla ya kusonga.