Mluzi wa Baba

Treni ya City of New Orleans huondoka Chicago saa mbili usiku. Mkutano ulionipeleka Marekani ulikuwa umekwisha, nikabakiwa na siku nne kabla ya ndege ya kurudi Dar es Salaam. Siku hizo nilikuwa nimezipangia kazi tangu nyumbani: kushuka kusini hadi Memphis, kwa ajili ya Baba.

Baba hajui maneno ya wimbo hata mmoja wa Kiingereza. Anachokijua ni mluzi. Tangu nikiwa mtoto, kila akinyoa ndevu hupiga mluzi ule ule, mfupi, unaotembea taratibu kama mtu asiye na pa kwenda. Nilikuwa sekondari nilipousikia redioni nikatambua kwamba ndio mwisho wa "(Sittin' On) The Dock of the Bay" ya Otis Redding, mwimbaji wa soul, Mmarekani Mweusi. Nilipomuuliza ameutoa wapi, alinyamaza kwanza. Kisha akanieleza kuwa mwaka 1969 alikuwa na miaka 21, kijana wa TANU Youth League pale Magomeni, na alikuwa na imani. Maneno ya Mwalimu ya mwaka 1962 yalikuwa yamemwingia: kwamba tunajua kucheza twist na rumba, lakini ngoma zetu, gombe sugu, mangala na kiduo, wangapi wanazijua? Kampeni ya TANU Youth League iliyoitwa Operesheni Vijana ilipokataza sketi fupi na suruali za kubana, aliiunga mkono. Novemba 1969 mkuu wa Mkoa wa Pwani akapiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, na Baba akaona ni sawa. Alikuwa na santuri moja ya Otis. Aliivunja kwa mkono wake mwenyewe.

"Mluzi ndio ulionishinda," aliniambia. Na siku naaga akaongeza: "Ukifika huko, nitazamie hao watu walikuwa akina nani."

Katika behewa nilikaa na bibi mmoja Mmarekani Mweusi aliyekuwa akienda mazikoni Mississippi, kikapu cha chakula mapajani. Alinikatia kipande cha kuku kabla hata hajaniuliza jina. Wazazi wake, alisema, walipanda kwenda Chicago kwa reli hii hii, nao wakiwa na kuku kikapuni, kwa sababu njiani mtu mweusi hakuwa na uhakika wa mahali pa kuuziwa chakula. Kati ya mwaka 1916 na 1970 watu weusi wapatao milioni 6 waliihama kusini. Mmoja wao alikuwa mwanamuziki wa bluzi Muddy Waters, aliyeacha shamba la pamba karibu na Clarksdale mwaka 1943, akafika Chicago na kulitia gitaa umeme ili lisikike katika makelele ya baa za mji ule. Mimi nilikuwa naifuata njia yao kinyumenyume, usiku, huku bibi amesinzia begani kwangu.

Tulifika Memphis asubuhi na mapema. Kutoka stesheni hadi Lorraine Motel ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Nilikwenda na begi langu mgongoni, nikasimama chini ya roshani ya chumba namba 306, palipotundikwa shada la maua. Hapo ndipo Martin Luther King alipopigwa risasi tarehe 4 Aprili 1968. Nilikuwa nalijua hilo tangu shule. Nilichokuwa sikijui ni kwamba dakika zile za mwisho alikuwa ameinama roshanini akizungumza na mpiga saksafoni aliyekuwa chini, Ben Branch, akimwomba apige "Take My Hand, Precious Lord" kwenye mkutano wa usiku ule, na aupige vizuri. Wimbo huo wa injili aliutunga Thomas Dorsey, ambaye kabla yake alikuwa mpiga piano wa bluzi.

Tena Lorraine ilikuwa hoteli ya wanamuziki. Katika mji ambao weusi na weupe walitengwa, hapa wangeweza kukaa meza moja. Steve Cropper, mzungu, na Eddie Floyd, mweusi, walitunga "Knock on Wood" ndani ya hoteli hii hii.

Ndani, kwa sasa ni makumbusho ya haki za raia. Nilipita vyumba vingi, lakini kilichonisimamisha ni mabango ya wazoa taka. Februari 1968 wafanyakazi wawili walisagwa na mashine ya lori la taka walipojikinga mvua, na wenzao wapatao 1,300 wakagoma. Kila mmoja alibeba bango lenye maneno yale yale: Mimi ni mwanamume. Walikuwa watu wazima wenye wake na watoto, na mabwana zao waliwaita kwa neno la Kiingereza ambalo sisi tunalo katika Kiswahili mpaka leo. Boi. Babu yangu, baba yake Baba, alikuwa boi katika nyumba ya meneja wa shamba la mkonge Tanga. Aliitwa hivyo akiwa na watoto wanne. Nilikaa kwenye benchi mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Beale Street, mtaa wa bluzi, nilipita tu. Taa ni nyingi, na watalii ni wengi kuliko wenyeji.

Mchana nilichukua teksi hadi barabara ya McLemore, ilipokuwa studio ya Stax, alikorekodia Otis. Jim Stewart na dada yake Estelle Axton, wazungu wawili, waliikodi sinema iliyofungwa, yeye Estelle akafungua duka la santuri pembeni, na watoto weusi wa mtaa wakaingia dukani kusikiliza na kuishia studio kurekodi. Sakafu ya sinema ina mteremko, hawakuwa na fedha za kuisawazisha. Wanaoujua muziki huo wanasema mteremko ule ulichangia mlio wake mzito. Mwaka 1962 Otis alifika hapo akiwa dereva wa mwanamuziki mwingine. Kazi iliisha kabla ya muda, akaomba aimbe. Desemba 1967 ndege yake ilianguka katika ziwa huko Wisconsin, akafa na miaka 26. Wimbo wa mluzi ulitoka mwezi uliofuata. Stax ilifilisika mwaka 1975, jengo likabomolewa mwaka 1989, na hili lililopo lilijengwa upya, likafunguliwa mwaka 2003, mteremko ukiwemo.

Lakini kitu cha kwanza unachokutana nacho humo ndani ni kanisa. Kanisa zima, la mbao, lililohamishwa kutoka kijiji cha Duncan, Mississippi, likasimamishwa upya humo na mabenchi yake. Nilikaa nikafikiri juu ya santuri ile ya Magomeni. Hofu ya wazee wetu ilikuwa ya kweli. Ngoma zilikuwa zinakufa na wachezaji wake, na nchi changa ilihitaji sauti yake. Ila muziki huu waliuweka pasipo pake. Waliuweka upande wa bwana, kumbe ulikuwa upande wa boi.

Nilitoka nje nikampigia Baba. Memphis ilikuwa saa tisa alasiri, Magomeni saa tano usiku. Alikuwa macho.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umewaona?"

Nikamweleza kanisa, wazoa taka, na mabango. Akaniambia nirudie maneno ya bango. Nikarudia. Kwa muda nilisikia feni yake tu ikizunguka.

"Baba yangu," alisema hatimaye, "alikuwa akirudi nyumbani, kwanza anavua ile kanzu nyeupe ya kazini. Nje, mlangoni. Hakuingia nayo ndani hata siku moja."

Jirani na makumbusho pana shule ya muziki ya vijana wa mtaa, na wakati huo tarumbeta zilikuwa zimeanza mazoezi, zikikosea pale pale na kurudia. Nikaigeuza simu kuelekea madirishani. Baada ya kitambo nikairudisha sikioni ili nimuage.

"Usikate," akasema. "Waache wamalize."